Mtu Asiyeketi Katika Gari Lake

Ukimletea Télesphore Ntakwinja gari saa sita mchana, hakuligusa. Alikuambia ulirudishe kwa mwenyewe likalale, naye angekwenda kulitazama asubuhi, kabla halijawashwa. Gari lililokwisha kupashwa moto, alisema, ni kama mtu aliyekwisha kunywa: huwezi kujua tabia yake. Ndiyo maana watu wa Kadutu, mjini Bukavu, walizoea kumwona akiteremka barabara ya Nyamugo ukungu ungali umelala ziwani, koti la mvua mabegani, mfuko wa turubai mkononi. Ndani ya mfuko alikuwa na bisibisi ndefu, kitambaa cheupe, kioo kidogo cha kunyolea ndevu, na sumaku aliyoing'oa katika spika ya redio iliyokufa.

Kazi alijifunza katika gereji ya Mgiriki mmoja, huko Ibanda. Serikali ilipochukua mali za wageni na kuwagawia wananchi, gereji ile ikapewa mtu aliyekuwa hodari wa kuuza vitenge. Mwaka haukwisha. Ziliuzwa jeki, ikauzwa mashine ya upepo, mwisho ikauzwa hata milango. Télesphore akabaki na mfuko wake. Miaka hiyohiyo majina ya ubatizo nayo yaliondolewa kwenye karatasi, hivyo ofisini alikuwa citoyen Ntakwinja, yaani mwananchi Ntakwinja, basi. Nyumbani mke wake Constance aliendelea kumwita Télesphore, kwa sauti ya chini, kama mtu anayegawa nyama siku ya Ijumaa Kuu.

Hakuwa na gereji tena, lakini alikuwa na masikio. Aliyetaka kununua gari lililokwisha kutumiwa alimwita kwanza. Alianza kwa kuweka kiganja juu ya boneti: likiwa na joto, muuzaji ameamka kabla yako, na ana sababu. Kisha alipitisha sumaku polepole juu ya bati, mlango kwa mlango; pale ilipodondoka, chini ya rangi hapakuwa na chuma bali mastiki ya kuzibia mashimo. Alitazama raba za pedali, maana namba za kilomita zinarudishwa nyuma na mtu yeyote mwenye bisibisi, lakini hakuna anayekumbuka kubadilisha raba. Alifungua kifuniko cha oili. Akikuta povu jeupe kama uji, alikifunga na kuaga. Alisoma maandishi madogo kwenye pembe za vioo, kwa kuwa kioo kimoja kisichofanana na wenzake kina habari yake. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini inayounguruma, mpini sikioni, akafumba macho.

Mwisho kabisa alifanya jambo lililowachekesha watu. Alizima injini, akamwomba mnunuzi na muuzaji waingie naye ndani, wapandishe vioo vyote, wakae kimya kwa muda wa kumi moja la rozari, yaani Salamu Maria kumi. Alisema ni kwa ajili ya pua: petroli inayovuja, kutu, ukungu wa sponji, vyote hutokeza watu wakinyamaza. Kwa kweli alikuwa akimsikiliza muuzaji. Mwenye kuficha ubovu, alimwambia Constance, huanza kusema kabla ya Salamu Maria ya tatu.

Katika miaka tisa neno lake halikuwahi kuanguka. "Ntakwinja amesema," watu walisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Basi likaja gari la mkwe wake.

Gaston alikuwa ameoa Martine, binti pekee wa Télesphore. Alikuwa karani wa mambo ya kilimo, kijana mwenye diploma na tai, na alikuwa amepata cheo kule Uvira. Jumatatu alitakiwa awe kazini. Hakutaka kufika na mke na watoto wawili juu ya magunia ya watu. Alitaka kushuka milima ya Ngomo, apite Kamanyola na Luvungi na Luberizi katika gari lake mwenyewe, afike kama mkubwa. Alikuwa ameliona la kumfaa huko Muhumba, Peugeot 504 la kijivu. Bei yake ilikuwa chini sana ya thamani yake. Gaston aliona hiyo ni baraka. Télesphore alipokuwa akifunga mfuko wake alfajiri ile ya Alhamisi, aliwaza kwamba dalili ya kwanza tayari anayo.

Kulikuwa na manyunyu. Uani kwa muuzaji kuku walikuwa wamejibana chini ya ukingo wa paa, wamelowa, mmoja amesimama kwa mguu mmoja ndani ya beseni lililopinduka upande. Gari lilikuwa katikati ya ua, na chini yake udongo ulikuwa mkavu kabisa. Hapakuwa na kuku hata mmoja pale.

Muuzaji aliitwa Stanislas Bisimwa, mwenye duka la dawa, mtu wa miaka arobaini hivi aliyevaa shati lililopigwa pasi. Walimkuta anasugua vioo vya nyuma kwa gazeti lililochovywa katika spiriti. Alisugua kwa makini, kona kwa kona, akarudia.

"Karibuni, bapapa. Gari iko safi. Muangalie tu."

"Unaipanguzaka kila siku?" Télesphore akauliza.

"Kila asubui."

"Spiriti ni bei, citoyen."

"Ni kweli." Stanislas akakunja gazeti. "Lakini inafaa."

Boneti ilikuwa ya baridi. Sumaku ilishika kila mahali. Pedali zilikuwa zimelika kiasi kilekile zilichosema kilomita. Hapakuwa na povu kwenye oili, na injini ilipowashwa ilikwenda kwa sauti ambayo Télesphore alikuwa hajaisikia tangu siku za Mgiriki, sauti nyororo, kama cherehani ya masista. Alisimama na bisibisi sikioni kupita ilivyohitajika, kwa sababu ilikuwa raha.

"Papa, unasikia?" Gaston alikuwa akicheka kwa furaha. "Hii si moteri, ni kwaya!"

"Nyamaza kwanza, mwanangu. Kwaya nayo iko na bagonjwa."

Alichuchumaa mbele. Ndani ya taa, chini kabisa, palikuwa na udongo laini wa rangi ya kahawa, umekauka na kupasuka vipande kama kitanda cha dimbwi. Akachungulia nyuma ya kioo cha saa ya gari: mstari uleule, mwembamba, ulionyooka. Gari hili lilikuwa limekunywa maji.

"Maji ilifika wapi?" akauliza bila kusimama.

Stanislas hakubisha. "Juu ya paa. Mwaka jana, kule bondeni, plaine. Nililipeleka Uvira, bakafungua moteri yote, wiki sita. Nyaya zote ni mupya, zimetoka Bujumbura. Angalia."

Ilikuwa kweli. Nyaya zilikuwa mpya, zimefungwa kwa mikono ya mtu anayejua kazi. Muuzaji anayekiri hivyo, na aliyetengeneza hivyo, Télesphore alikuwa hajawahi kukutana naye. Kwa haki angepaswa kusimama, kumpa mkono, na kumwambia mkwe wake anunue.

Akafungua mlango wa nyuma. Vishikio vya mbele vilikuwa vyeusi vya zamani, vimeng'arishwa na vidole. Vya nyuma, vile vya ndani, vilikuwa vipya vyote viwili, havijaguswa. Vipini vya kuteremshia vioo vya nyuma navyo vilikuwa vipya. Alipapasa chini ya kiti kirefu cha nyuma, mkono ukagusa kitu cha baridi kilichokuwa kama nywele. Akauvuta mkono haraka, akainama na kioo chake cha kunyolea. Mpunga. Punje zilizosombwa na maji zilikuwa zimeota mle gizani, machipukizi meupe, marefu, dhaifu, yote yameelekea upande mmoja, kwenye ufa wa mlango.

"Tuingie," akasema. "Tukae."

Gaston aliingia mbele, kulia kwake. Hata yeye alikwisha kuizoea desturi hiyo na kuiita misa ya mzee. Télesphore akakaa kwenye usukani, akageuka.

"Na wewe, citoyen. Kaa nyuma."

"Hapana. Mimi nitasimama."

"Ni kawaida yangu. Mwenye gari anakaaka."

"Nasema nitasimama, papa." Aliongea kwa upole, lakini alikuwa amerudi nyuma hatua mbili, katika mvua.

"Ananyeshewa bure, huyo," Gaston akanong'ona. "Muwache, papa. Anaogopa misa."

Wakafunga milango, wakapandisha vioo. Télesphore akaanza kuhesabu moyoni. Salamu Maria ya kwanza, ya pili. Mvua iligonga paa. Harufu ikaja polepole, si petroli wala kutu: tope la mto, na mpunga uliolowa, na kitu kama kichwa cha mtoto aliyetoka kukimbia. Kwenye ya nne aliona kwamba vioo vinaingia ukungu. Hilo halikuwa ajabu, asubuhi za Bukavu ni za baridi na watu wawili walikuwa wakipumua. Ajabu ni kwamba kioo cha mbele, kilichokuwa mbele ya midomo yao, kilikuwa bado safi. Ukungu ulikuwa umeanzia nyuma, ambako hakuna aliyekaa.

Aliutazama katika kioo cha juu. Ulipanda kutoka chini ya kioo cha mlango wa nyuma kuelekea juu, na ulipofika karibu na paa uliacha mahali wazi. Palikuwa na umbo. Kisha jingine pembeni yake. Viganja. Vidogo, vidole vimetanuka, vyote juu kabisa, palepale kioo kinapokutana na paa, vimepangana na kupandiana kama vya watu wanaogombea nafasi. Dakika ishirini hazijapita tangu kioo kile kisuguliwe kwa spiriti mbele ya macho yake.

Aliacha kuhesabu.

"Ona," Gaston akasema, amegeuka naye. "Batoto ba kwake banacheza humu. Njo maana anasugua kila siku, masikini!" Akacheka.

Télesphore aliangalia nje. Kamba ya nguo ilikuwa chini ya baraza: mashati ya mwanamume, vitenge vya mwanamke. Hapakuwa na kaptura, hapakuwa na gauni dogo. Nyumba ilikuwa kimya kama kabati.

"Baki hapa," akamwambia mkwe wake, na akatoka.

Stanislas alikuwa amesimama palepale, maji yakimtiririka usoni. Télesphore akamwendea karibu ili wasisikike.

"Bako bangapi?"

Mwenye duka la dawa hakujifanya haelewi. "Batatu."

"Na bako wapi?"

"Tulikuwa tunatoka Uvira. Mbele ya Luberizi mto ulikuwa umepanda. Mimi nikashuka na fimbo, nipime kama itapita. Mvua ilikuwa nyingi, papa. Nikabafungia vioo, basilowe." Alipangusa maji usoni. "Nikiwa katikati, maji ingine ikatoka mulimani. Mimi ilinitupa juu ya majani. Gari tuliipata siku ya ine, katika mashamba ya mupunga, mulango moja iko wazi. Ndani hakukuwa mutu."

"Na nyuma ya pale? Mulifanya kilio?"

"Hapana."

"Hata mugomba hamukuzika?"

"Mama yao alikataa. Anasema mulango ilikuwa wazi. Anasema batu banaotoka kwa mulango banarudiaka kwa mulango."

Télesphore alizaliwa Walungu, na kwao jambo hili lilijulikana. Mtu akipotelea majini au msituni na mwili usionekane, ukoo hukata mgomba, huuviringisha katika mkeka na kuuzika, wakalia, wakanyoa, na aliyekwenda akapata mahali. Nyumba ambayo haijafanya hivyo haina wafu wala wazima. Na mtu wa nje hatangazi kifo ambacho wenyewe hawajakililia. Ni kama kuwazika watoto wa wengine mbele ya mlango wa mama yao. Pazia la dirisha la nyumba lilikuwa limesogea kidogo. Mwanamke alikuwa nyuma yake.

Gaston alishuka kwenye gari, anapanguza mikono, ana haraka. Alijua adabu: mkwe hambishii baba wa mke wake. Lakini mkwe anaruhusiwa kuuliza.

"Papa, mimi ni mutu wa masomo. Harufu, mikono, hayo yote tutasafisha. Nauliza neno moja tu, na utaniambia kama fundi. Moteri iko muzima?"

Hapo ndipo Télesphore alipokwama. Angesema nini? Alimwona Martine amekaa mbele, anageuka kuwafokea watoto wanyamaze. Aliwaona wajukuu wake wawili kwenye kile kiti kirefu, mvua inaanza, mto mbele ya Luberizi umepanda, na Gaston, ambaye alikuwa baba mzuri, anashuka na fimbo na kuwafungia vioo. Katika miaka tisa alikuwa hajasema uongo juu ya mashine. Wauzaji walimletea mbuzi akakataa. Chifu mmoja alimtisha, akakataa.

"Culasse imepasuka," akasema, akimaanisha kichwa cha injini.

Gaston alifungua mdomo. "Lakini... ile sauti?"

"Sauti ni ya oili nzito. Ikipanda moto Ngomo, itakufia katika kona. Usinunue."

Télesphore alihisi masikio yake yakiungua. Kilichobaki ni muuzaji afungue kinywa, aite fundi yeyote wa Bukavu, na uongo ule ungevuliwa nguo mchana kweupe. Stanislas alivitazama vioo vya nyuma. Kisha akamgeukia Gaston.

"Papa yako anasema kweli," akasema. "Imepasuka. Nilitaka kukufichia. Unisamehe."

Walipanda kurudi Kadutu kwa miguu, Gaston mbele, tai imelowa, anamtukana yule tapeli wa Muhumba kwa Kifaransa na Kimashi. Télesphore alimfuata nyuma, mfuko mkononi.

Jumapili Martine na watoto waliteremka juu ya lori la wachuuzi wa mchele, wamekaa juu ya magunia matupu, Gaston amenuna. Télesphore aliwanyanyulia watoto mmoja mmoja. Siku tatu hakula vizuri. Siku ya nne dereva wa lori alipita na salamu: wamefika wazima, mtoto mdogo alitapika tu pale Ngomo.

Uongo ulirudi wiki ya pili. Mfanyabiashara mmoja wa Nyawera, Théodore, alikwenda Muhumba na fundi wake, kijana aliyesomea Kalemie. Wakaisikiliza injini ile, wakacheka mpaka majirani wakatoka. Habari ilifika kwenye vibanda vya bia kabla ya jua kutua. "Muzee Ntakwinja amekuwa kiziwi!" "Wachana naye, asikilize rozari yake!" "Anasikiliza moteri, anasikia malaika!" Gaston aliandika barua kutoka Uvira, ya adabu, isiyouliza kitu, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Asubuhi zilipita bila mtu kugonga mlango. Constance alimuuliza mara moja tu.

"Ulikosea, Télesphore?"

"Hapana."

"Basi sema."

"Si yangu kusema."

Kwa muda wa mwezi mmoja hakuitwa popote. Kisha akaitwa na mtu ambaye hakumtazamia. Stanislas mwenyewe alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Théodore alikuya tena na bei ya juu," akasema. "Alikuya na bibi yake na batoto. Batoto bakaingia nyuma, banaruka-ruka juu ya kiti. Bibi yangu akatoka inje, mara ya kwanza tangu mwaka jana. Akabashusha mumoja mumoja kwa mukono. Akamwambia Théodore aende." Alizungusha kofia mkononi. "Sasa anataka ile kiti itolewe. Mimi siwezi kuingia mule. Unajua."

Télesphore alitia spana na nyundo katika mfuko wake, akaondoka naye. Ilikuwa mchana, saa ambayo hakuwahi kulitazama gari, na jua la kiangazi lilikuwa kali. Uani kwa Stanislas palikuwa na watu wachache wa ukoo wamekaa kimya kwenye mabenchi, na nyuma ya nyumba, kando ya migomba, shimo lilikuwa limekwisha kuchimbwa. Lilikuwa refu kuliko kaburi la mtu mmoja. Hakuuliza kwa nini kizikwe kiti, si mgomba. Mama wa watoto alisimama karibu na gari, mwembamba, kitenge kimefungwa kifuani, akamwonyesha kwa kidole.

Boliti zilikuwa nne. Tatu zilitoka kwa mkono. Ya nne ilikataa, akaipiga nyundo, akatia oili, akasubiri, akaizungusha tena, na wakati wote alikuwa amewapa mgongo wale waliokaa pale nyuma, kama wapo, na aliwaomba radhi kwa kunong'ona. Boliti ikaachia. Akaita mtu wa kumsaidia. Kiti cha sponji na chemchemi ambacho wanaume wawili hukibeba wakiongea kilihitaji wanne, na walitembea nacho kimya, magoti yamejikunja. Walipokiinamisha kukipitisha mlangoni maji yalianza kutoka. Hayakuwa matone, yalimwagika, ya rangi ya kahawa, yakaulowesha udongo mkavu wa ua mpaka kwenye viatu vya watu. Mwaka na zaidi ulikuwa umepita, na tangu Mei mvua ilikuwa haijanyesha.

Mama akapiga magoti penye maji yale, akayagusa, akaweka kiganja kwenye shavu lake. Kisha akataja majina matatu, ya ubatizo, kwa sauti ya juu ambayo mtaa wote ungeweza kuisikia. Na akalia.

Ukoo ukaitikia. Stanislas alikaa chini, mgongo umeegemea gurudumu. Majirani waliosikia waliacha walichokuwa wakifanya wakaanza kuingia uani, huyu na kuni, yule na mtungi, mwingine na ndizi, kama inavyofanywa nyumba ikifiwa leo. Télesphore aliweka spana zake katika mfuko, akatafuta mahali kwenye benchi, wakasogea, akakaa nao.